Tusimzike baba pamoja na kicheko chake



Miezi michache iliyopita nilikwenda Tunduma kuzika. Marehemu alikuwa mzee wa kanisa, mstaafu wa reli ya TAZARA, mume wa mke mmoja, baba wa watoto sita. Idadi ya wajukuu wake sikuwahi kuipata. Kila ulipomuuliza alikujibu kwamba abiria hawahesabiwi mpaka treni iondoke. Jina lake nawaachia wenyewe, kwa kuwa ninachotaka kusema leo hakimhusu yeye peke yake. Kinakuhusu wewe na baba yako, na kama wewe ni mwanamume mwenye familia, kinakuhusu zaidi.

Tuliketi chini ya turubai, kwaya ikaimba, salamu za rambirambi zikatolewa, kisha akasimama kijana mmoja wa ukoo kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani. Alibatizwa. Alisoma mpaka darasa la saba. Aliajiriwa reli. Alifunga ndoa. Alistaafu. Alianza kusumbuliwa na presha na kisukari, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na alfajiri ya siku ile akaiaga dunia. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Mungu ailaze roho yake mahali pema. Kijana akakunja karatasi, akaketi.

Dakika nne hazikutimia. Kila neno lilikuwa kweli, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyosoma wasifu kila mahali, kuanzia Vwawa hadi Mkwajuni, kuanzia Ileje hadi Dar es Salaam. Lakini mimi nilibaki najiuliza: mtu huyu aliyesomwa ni nani? Maana yule niliyemfahamu hakuwamo kwenye ile karatasi.

Niliyemfahamu mimi alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni kwake kila jioni, kofia yake ya zamani ya kazini kichwani, akisubiri wajukuu watoke shule na kuchota maji. Hakuna aliyeingia ndani bila tiketi. Tiketi ilikuwa jani la mparachichi, punje ya mahindi, kijiwe, au kizibo cha soda. Mzee aliipokea, akaigeuza pande zote mbili, akaisogeza mbali na macho kama mkaguzi mwenye mashaka, akasema, "Hii ni ya jana," au, "Hii ni ya daraja la tatu na wewe umekaa la kwanza." Kisha aliibana kwa vidole viwili, akafanya mlio wa kukata tiketi, na mtoto akapita akicheka. Asiyekuwa na tiketi aliimba. Mkewe naye akirudi sokoni alisimamishwa vilevile, na jibu lake lilikuwa lile lile miaka yote: "Mimi ndiye mwenye treni." Akapita.

Hayo hayakusomwa. Tukaenda makaburini, mchungaji akafanya ibada, udongo ukarudishwa, mashada yakawekwa kwa mpangilio wake: mjane, watoto, wajukuu, kanisa, majirani. Ndipo mjukuu mmoja wa kike, mwenye umri wa kama miaka sita, akamuuliza mama yake kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mama, babu amepewa tiketi?"

Pakawa kimya. Aliyecheka wa kwanza alikuwa mjane. Alicheka huku machozi yakimtoka, akamshika yule mtoto mkono, na watu wote tukacheka na kulia pamoja naye. Hata mchungaji aligeukia pembeni akatafuta leso. Kwangu mimi, wasifu wa mzee yule ulisomwa pale.

Ndugu yangu, kwa nini mambo ya namna hii hayaingii kwenye karatasi? Nadhani ni kwa sababu tumejifundisha kwamba mambo yenye uzito ni yale yenye vyeti. Kuzaliwa kuna cheti, ubatizo una cheti, ndoa ina cheti, kustaafu kuna barua. Kucheza na wajukuu hakuna cheti. Ipo sababu nyingine ambayo iko ndani zaidi, nayo ni ya kanisani. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mtu wa Mungu ni mtu aliyekunja uso. Mzee wa kanisa anayetania watoto tunamwona amepungukiwa na kitu fulani, na akifa tunamsaidia kwa kumwondolea utani wake, tukidhani tunamheshimu.

Sasa fungua Biblia yako, tuone kama ndivyo inavyofundisha.

Mtoto wa ahadi, ambaye Ibrahimu na Sara walimsubiri mpaka uzee, aliitwa Isaka, na maana ya jina hilo inahusu kucheka. Baba yake alicheka alipoambiwa atazaa, mama yake naye alicheka kule hemani, na mtoto alipozaliwa Sara alikiri kwamba Mungu ndiye aliyempa kicheko. Huyo mwana alipokuwa mtu mzima akakaa ugenini kule Gerari, akiwaogopa wenyeji na akimficha mkewe kwa kusema ni dada yake. Uongo ule ulifichuliwa na nini? Soma Mwanzo 26, aya ya 8. Mfalme alichungulia dirishani akamwona Isaka anacheza na Rebeka, akajua mara moja kwamba wale ni mke na mume. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa cheti cha ndoa. Jinsi walivyokuwa wakifurahiana ilitosha.

Nabii Zekaria naye, alipopewa kuona jinsi Yerusalemu itakavyokuwa Mungu atakapoirehemu, hakuanza na dhahabu wala majeshi. Katika sura ya 8, aya ya 4 na ya 5, aliona wazee wa kiume na wa kike wameketi njiani, kila mmoja na fimbo yake mkononi kwa ajili ya uzee, na njia hizo hizo zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Wazee na watoto mahali pamoja, amani imetawala, mchezo unaendelea. Nikiisoma aya hiyo siku hizi, namwona mzee yule wa Tunduma na kigoda chake.

Na Bwana wetu Yesu? Ishara yake ya kwanza, kwa habari ya Yohana, aliifanya arusini Kana, kinywaji kilipowaishia watu waliokuwa kwenye furaha. Wapinzani wake walimlaumu kwa kula na kunywa na watu. Watoto walipozuiwa kumfikia, alikasirika. Mtu asiyechangamka hakimbiliwi na watoto.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote kwa habari ya misiba uko katika Matendo ya Mitume, sura ya 9. Dorkasi alikufa kule Yafa. Petro alipofika na kupandishwa chumba cha juu, wajane walimzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakumwambia Petro alizaliwa lini wala alisoma wapi. Walishika vitu mikononi: hii alinishonea mimi, na hii alimshonea huyu. Wajane wale walijua kusoma wasifu kuliko sisi wenye kompyuta na mashine za kuchapa.

Wazee wetu pia walijua. Katika makabila mengi ya nchi hii, msiba ulikuwa na watani. Mtani alifika kwenye matanga, akavaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akaomba ugoro au chai kwa sauti yake, na wafiwa waliokuwa wamekataa hata kula wakajikuta wanacheka. Najua wapo watumishi waliokataza utani misibani, na najua ulipovuka mipaka ulileta ugomvi. Lakini tulipouondoa, tuliweka nini mahali pake? Mtani alikuwa anafanya kazi ambayo karatasi yetu haifanyi. Alimrudisha marehemu kwa dakika chache jinsi alivyokuwa, ili watu wajue hasa ni nani wanayemlilia.

Nilipokuwa nikirudi kutoka msibani nilipita karibu na reli, nikamkumbuka mmoja wa waliosimamia kujengwa kwake. Reli ile ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, wakati Tanzania ikiongozwa na Mwalimu Nyerere na Zambia ikiongozwa na Mzee Kenneth Kaunda. Kaunda hakuwa mtu wa mbali kwa watu wa Tunduma. Ukivuka mpaka kuingia Nakonde ukashika barabara ya kuelekea Lusaka, utafika Chinsali, na hapo jirani, katika misheni ya Lubwa, ndipo alipozaliwa tarehe 28 Aprili 1924, mtoto wa mhubiri na mwalimu. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka minane tu.

Wengi tunamkumbuka kwa leso yake nyeupe na kwa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Watu wake wanamkumbuka pia kwa gita. Enzi za kudai uhuru alizunguka vijijini kwa baiskeli akiwa na gita lake, akiimba. Alipenda kuimba mpaka uzeeni, na alipenda kucheza dansi. Desemba 2013, Mzee Mandela alipozikwa kule Qunu, Kaunda alikuwa na umri wa miaka 89. Alipoitwa kuzungumza alikwenda jukwaani akikimbia mchakamchaka, na waombolezaji wakacheka. Hakuna aliyedhani amemdharau marehemu. Alikuwa amewapa waliofiwa pumzi.

Wala usidhani furaha yake ilikuwa ya mtu asiyejua msiba. Mwaka 1986 alimpoteza mwanawe Masuzyo kwa Ukimwi, na mwaka uliofuata akasema hadharani kilichomuua, wakati ambapo familia nyingi zilificha. Alilia mbele ya watu, na hakuona haya. Mkewe Betty, waliyefunga naye ndoa mwaka 1946, alifariki mwaka 2012 baada ya kuishi pamoja miaka 66. Kaunda alikuwa mwanasiasa, na kama wanasiasa wote alikosea, na Wazambia wenyewe walimwondoa madarakani kwa kura mwaka 1991. Simtaji hapa kama malaika. Namtaja kwa sababu ya kilichotokea alipofariki, tarehe 17 Juni 2021, akiwa na umri wa miaka 97.

Taifa lilitaka kumzika rais wake wa kwanza mahali wanapozikwa marais, mjini Lusaka. Katika familia ikasikika sauti iliyofika hadi mahakamani, ikisema kwamba baba alitaka alazwe kando ya mkewe. Mwishowe alizikwa na marais, Julai 7. Sitaki kuamua nani alikuwa na haki. Ninachokiona mimi ni kwamba nchi ilikuwa inamzika rais na nyumba ilikuwa inamzika mume na baba. Kila mtu, hata asiye na cheo chochote, ana wasifu wa aina hizo mbili: ule wa kazini na ule wa nyumbani. Ule wa kazini utasomwa na mtu mwenye karatasi. Ule wa nyumbani unao wewe uliyeishi naye, na usipousema hakuna mwingine wa kuusema.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana najua msomaji mmoja anasema moyoni: "Baba yangu alikuwa mcheshi kweli, lakini kwa watu wa nje." Ndugu, nimekusikia. Tunduma ni mji wa mpakani. Malori yanapanga foleni, fedha zinabadilishwa, wanaume wanatoka alfajiri na kurudi usiku. Wapo wanaume ambao kwenye kijiwe cha drafti, wakisukuma vizibo, hakuna anayewazidi kwa vichekesho. Mlio wa pikipiki yao ukisikika nyumbani, watoto wanazima redio na kujifanya wamelala. Mcheshi wa namna hiyo anacheka na kila mtu isipokuwa watu wake. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo sifa za anayefaa kuliangalia kanisa, alimpeleka kwanza nyumbani kwake: je, nyumba yake anaisimamiaje?

Wala si kila mzaha ni furaha. Mithali 26 inamfananisha mtu anayemdanganya jirani yake kisha akasema alikuwa anatania tu, na mwendawazimu anayerusha mishale ya moto. Mume anayemfanya mkewe kichekesho mbele ya wageni, baba anayemwita mtoto wake mjinga ili watu wacheke, huyo hachangamshi nyumba. Kipimo ni chepesi. Mtazame aliyetaniwa: je, anacheka naye? Yule bibi wa Tunduma alikuwa na jibu lake tayari kila jioni, na jibu hilo lilimfanya awe mwenye treni. Mzee hakumshusha mkewe ili wengine wacheke.

Basi, kama baba yako alikuwa na makosa, usisome uongo kaburini. Lakini usifute wema wake wa kweli kwa sababu ya makosa hayo. Sema ulichokiona. Kama alikufundisha kuendesha baiskeli huku akikimbia nyuma yako akipiga kelele kuliko wewe, sema. Kama Krismasi moja fedha hazikuwepo naye akachoma mahindi akayaita pilau ya Mbozi, sema. Siku hiyo wajukuu wake watajua wametokana na nani.

Neno langu kwa wafiwa ni hili. Usiogope kucheka katika msiba wako. Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia. Mwenye tumaini anaruhusiwa kulia, na mwenye huzuni anaruhusiwa kucheka. Mhubiri ameweka majira ya vyote viwili katika aya moja, na siku nyingine majira hayo yanaangukia saa ileile. Mjane aliyecheka kaburini hakumpenda mumewe pungufu ya yule aliyezimia.

Na neno kwa ukoo. Mwenzetu aliyetuchekesha ameacha mke. Wakati wa uhai wake tulikuja kula kwake, tukacheka kwenye ile sebule mpaka usiku. Itakuwa aibu kubwa kama arobaini haijapita na sisi sisi tunaanza kuulizana hati ya nyumba iko wapi na shamba la kahawa ni la nani. Yakobo anasema dini iliyo safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao. Huwezi kumkumbuka mtu kwa vicheko vyake huku unamliza mkewe.

Mwisho nakugeukia wewe, baba ambaye bado uko hai na unasoma gazeti hili baada ya ibada. Karatasi yako haijaandikwa. Vyeti vyako tunavyo, na tutavisoma. Lakini lile swali litakaloulizwa na mtoto wa miaka sita pembeni ya kaburi lako linaandaliwa sasa, jioni kwa jioni, mlangoni pako. Huhitaji kuwa mchekeshaji. Mzee yule hakununua chochote. Alikuwa na kofia kuukuu, kigoda, na dakika kumi. Leo jioni zima simu, kaa mahali ambapo watoto wanapita, uwasimamishe.

Na wewe mwenye baba au babu aliye hai, usingoje turubai lifungwe. Mpigie simu leo. Mkumbushe jambo moja alilokuchekesha ulipokuwa mdogo, umwambie kwamba bado unalikumbuka. Atajifanya hajali, atakuuliza habari za mvua na bei ya mahindi. Mvumilie. Akikata simu atakaa kimya kidogo, kisha atamwita bibi amsimulie.

Nimeambiwa kwamba kule Tunduma kigoda bado kiko mlangoni. Bibi ndiye anayekikalia sasa, na hakuna mjukuu anayeingia ndani bila tiketi.

Nakutakia Jumapili njema, na nyumba yenye kicheko.